Akiba ya Wiki Mbili: Mwongozo kwa Nyumba za Lamu

Karibu kila gunia la mchele na kila mtungi wa gesi unaouona madukani Lamu umepita njia moja: lori kutoka Malindi, Garsen na Witu mpaka gati ya Mokowe upande wa bara, kisha chombo cha kuvukia, kisha mgongo wa punda au mkokoteni hadi mlangoni. Njia hiyo ikikatika mahali pamoja tu, mji mzima unajua. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipofurisha maji na kukata barabara eneo la Lango la Simba, malori yalikwama na kisiwa kikabaki na kilichokuwemo. Na hata barabara ikiwa kavu, kusi, upepo wa kusini, likikaza kati ya Mei na Agosti wenye vyombo vidogo hawatoki na samaki huadimika. Umeme nao hutoka mbali, kwa nguzo zinazopita porini. Zikianguka, bomba hukauka kwa kuwa pampu hazizunguki.

Maana ya akiba katika mwongozo huu ni moja: jiko lako la kila siku litangulie soko kwa wiki mbili. Unakula ulichoweka jana, unaweka ulichonunua leo. Wiki mbili zinatosha mara nyingi kwa barabara kutengenezwa au bahari kutulia, na ni muda mfupi kiasi cha kutosha vitu visiharibike. Anayejaza chumba kwa miezi mitatu katika hewa hii ya chumvi na unyevu anawafugia fukusi, na anawapandishia bei majirani.

Hesabu zote hapa chini ni za nyumba ya watu sita. Gawanya kwa sita, kisha zidisha kwa idadi yenu.

Pima kabla ya kununua

Ijumaa moja, pima kila debe na kopo la jikoni kwenye mizani: mchele, unga, sukari, mafuta. Andika. Wiki nzima pikeni kama kawaida, na mkinunua kitu kiandikwe pia. Ijumaa ya pili pima tena. Tofauti ndiyo matumizi yenu halisi, na mara nyingi si yale mama mwenye nyumba anayoyasema kwa kukisia. Sukari hasa huwashangaza wengi. Kama nyumba yenu hupima kwa kibaba, kipeleke hicho kibaba dukani mara moja kikapimwe kwa gramu, maana vibaba havilingani.

Karatasi hiyohiyo iandikwe watu wenye mahitaji yao: mtoto mchanga na maziwa anayotumia, mja mzito na mwezi wake, mwenye kisukari au presha na dawa zake, mzee asiyeweza kutafuna ng'onda (samaki mkavu).

Maji, kwanza kabisa

Mtu hukaa siku kadhaa bila sima. Bila maji, katika joto la Machi, hata siku mbili ni hatari. Maji yagawanywe mafungu mawili tangu mwanzo, kwa sababu kuyachanganya ndiko kunakoyamaliza.

Fungu la kwanza ni maji matamu ya kunywa na kupikia: lita 6 kwa mtu kwa siku, nusu ya kunywa, nusu ya chungu. Watu sita kwa siku 14 wanahitaji lita 504, yaani kama mitungi 25 ya lita 20, au tangi moja la lita 500. Fungu la pili ni maji ya kuoga, kufua, vyombo, choo na udhu: lita 9 hadi 10 kwa mtu kwa siku, jumla kama lita 800. Haya yanaweza kuwa ya birika (tangi la kujengwa la maji) au ya kisima chenye chumvichumvi. Udhu chini ya bomba lililo wazi humwaga lita tano bila mtu kuhisi. Kwa kopo, lita moja inatosha na kubaki.

Maji ya mji hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Yakikoma, wengi hukimbilia kisima cha mtaa. Hapo kuna kanuni ambayo wenye visima vya zamani waliijua bila kusoma: maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiweka pampu na kukivuta kisima mpaka chini, chumvi hupanda, na huchukua muda mrefu kushuka tena. Teka kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kuchemsha hakutoi chumvi, wala dawa ya klorini haitoi. Kadiri unavyochemsha ndivyo maji yanavyopungua na chumvi kubaki nyingi zaidi. Visima vya ndani ya mji mkongwe vingi viko karibu na mashimo ya vyoo, kwa hiyo hata yakionja matamu, yasinywewe bila kutibiwa.

Mitungi. Chukua iliyokuwa na mafuta ya kupikia au maji tu. Mtungi uliowahi kubeba petroli, mafuta ya taa au dawa ya shamba hausafishiki, hata ukiusugua mwaka mzima, kwa sababu plastiki imeshanyonya. Utaratibu wa kuosha ni huu:

1. Tia maji moto na sabuni na konzi moja ya mchanga safi au mchele mbichi, funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili. Mchanga hufika kwenye pembe ambazo brashi haifiki.
2. Suuza mpaka povu liishe.
3. Changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kwa lita moja ya maji. Mimina ndani, geuza mtungi ili pande zote zilowe, uache dakika moja, mwaga.
4. Uache ukauke ukiwa umepinduliwa, kisha jaza na uandike tarehe kwa kalamu ya maka.

Kutibu maji ya kunywa, dawa ya klorini ya chupa yenye nguvu ya asilimia 1.2 hutiwa mililita 3 kwa lita 20 za maji maangavu, na mililita 6 yakiwa na ukungu. Mara nyingi kifuniko cha chupa ndicho kipimo, lakini soma chupa yako. Koroga, subiri dakika 30. Ikiwa kuna dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe tu, ile ya asilimia 3.5 isiyo na harufu ya maua, mililita 1 kwa lita 20 inatosha. Ipime kwa sirinji ya dukani, si kwa jicho. Dawa hizi hupoteza nguvu zikikaa kwenye joto, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zaidi ya miezi sita ibaki ya kufulia. Maji machafu yachujwe kwanza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, maana klorini humalizikia kwenye uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu. Wasiopenda harufu yake wayaache kwenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa kwa saa chache.

Bila dawa na bila kuni, jua la Lamu linafanya kazi: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji yasiyo na ukungu, ilazwe juu ya bati saa sita za jua kali. Siku ya mawingu iache siku mbili.

Birika la chooni lina mkasa wake. Nyumba za kale zilifuga visamaki ndani yake ili vimeze viluwiluwi vya mbu, na hiyo ni hekima ya kweli. Lakini ukitia klorini kwenye birika lenye samaki, asubuhi utawaokota wakielea. Birika lenye samaki liwe la kuogea. Maji ya kunywa yakae kwingine. Na usichukulie mbu kama kero ndogo. Mlipuko wa chikungunya wa 2004 uliwalaza watu wengi mno Lamu, na ulikuja wakati wa ukame, wakati watu walipojaza mapipa na kuyaacha wazi. Mbu huyo hutaga kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Kumwaga tu hakutoshi: mayai yamegandama, yanangoja maji mapya. Kila wiki sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu, na kila chombo kiwe na kifuniko au chandarua kilichofungwa kwa mpira.

Mvua ni zawadi isiyopitia Mokowe. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 800. Toa sehemu ya tano kwa kurushwa na kuvuja, unabaki na 640. Mvua moja nzuri ya masika inajaza tangi lako la kunywa na ziada. Ila mvua ya kwanza huosha kinyesi cha kunguru na vumbi la miezi. Weka bomba la inchi 4 lililosimama, mita 3 kwenda chini, limezibwa mwisho kwa kifuniko cha kufungua, kabla ya njia ya kuingia tangini. Litameza lita 24 chafu za mwanzo, na likishajaa maji safi yatapita juu kwenda tangini. Baada ya kila mvua lifungue limwagike. Ukisahau, mvua inayofuata itaingia tangini na uchafu wake wote. Paa la makuti haliingii katika hesabu hii. Maji yake ni ya rangi ya chai na yana kila kitu kilichoishi ndani ya makuti.

Sasa onyo kwa nyumba za mawe. Tangi la lita 500 likijaa lina uzito wa nusu tani, sawa na watu wazima saba waliosimama mahali pamoja bila kushuka, mchana na usiku. Dari za nyumba zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyoliwa na mchwa upande wa ukutani haionekani kwa chini. Tangi likae chini uani, juu ya jukwaa la matofali lenye kimo cha sentimita 40, bomba likiwa sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili matope yasitoke. Ikibidi kwenda juu, liwe kwenye pembe ambapo kuta mbili nene zinakutana, na fundi aliyewahi kubadilisha boriti aitwe alitazame kwanza.

Chakula kinachozunguka

Kwa watu sita, siku 14:

- Mchele kilo 18, unga wa sima kilo 10, unga wa ngano kilo 6
- Pojo (choroko), kunde na maharagwe, jumla kilo 7
- Mafuta ya kupikia lita 3
- Sukari kilo 3, chumvi nusu kilo, majani ya chai robo kilo
- Ng'onda kilo 2, tende kilo 2, nazi 12
- Maziwa ya unga kwa kadiri ya watoto, na viungo mnavyotumia

Gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, pamoja na jamii ya kunde na mafuta, humweka mtu mzima kwenye nguvu ya kufanya kazi. Viungo visidharauliwe. Wiki ya pili ya wali na pojo bila bizari na ndimu, watoto huanza kuacha sahani nusu, na chakula kinachomwagwa si akiba tena.

Usinunue yote siku moja. Kila wiki, kwa kila kitu mnachonunua, ongeza robo. Baada ya miezi miwili hivi, akiba imekamilika na mfuko haujahisi. Deni la dukani kwa ajili ya akiba ni hasara mara mbili. Bora akiba ya siku nne iliyolipiwa.

Ng'onda na samaki wa kukausha hununuliwa msimu wa upepo wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu na samaki wakiwa wengi, si msimu wa kusi bei ikishapanda. Mnunue aliyekauka mpaka ndani: mvunje karibu na mfupa mnene. Akipinda kama ngozi badala ya kukatika, bado ana maji, na ndani ya wiki mbili atatoa funza. Mwanike tena siku mbili za jua, juu ya wavu ili hewa ipite chini, kisha mfunge kwa karatasi ndani ya kikapu. Mfuko wa plastiki humtoa jasho.

Kuhifadhi nafaka ndiko wengi wanakoshindwa, na kosa ni lilelile: gunia limeegemea ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu masika na kuutoa polepole. Mchele ulioegemea huanza kunuka upande wa nyuma wakati mbele bado ni mzuri. Gunia likae juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni, na kiganja kiweze kupita kati yake na ukuta. Bora zaidi ni madebe au ndoo za kifuniko cha kukaza, zijazwe mpaka mdomoni. Hewa inayobaki juu ndiyo pumzi ya fukusi.

Kabla ya kufunga kunde na pojo, zianike juu ya turubai jeusi au jamvi, unene wa vidole viwili, jua la kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Joto huua mayai mengi ya wadudu yaliyo ndani ya punje, yale usiyoyaona siku ya kununua na unayoyakuta yameruka mwezi unaofuata. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunika. Zikifungwa na joto lake, mvuke huganda chini ya kifuniko na kudondoka.

Kama unanunua mahindi ya punje kwa ajili ya kusaga, yapime ukavu hivi: chupa kavu ya kioo, robo ijae mahindi, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Mahindi mabichi kidogo ndiyo chanzo cha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, wala kuchambua hakuimalizi yote. Unga uliofanya madonge ya kijani au kijivu usipewe hata kuku. Unga wa kusaga mtaani, wenye kiini chake, una mafuta na huchacha ndani ya mwezi mmoja au miwili katika joto hili; ule uliokobolewa hudumu zaidi. Kwa hiyo saga kidogo kidogo.

Andika tarehe juu ya kila chombo. Kipya kiende nyuma, cha zamani kije mbele. Nyumba yenye wapishi watatu ikubaliane juu ya hili kwa maneno, maana kila mmoja hufungua alichokiona kwanza.

Moto, mwanga na simu

Mtungi wa gesi una uzito wake mtupu uliopigwa chapa kwenye shingo au mshikio. Uweke kwenye mizani, toa uzito huo, na kinachobaki ni gesi. Hapo hutaambiwa na mwali wa buluu kufifia usiku wa futari. Nyumba ikiweza, iwe na mtungi wa pili mdogo wa kilo 6, ukae mahali penye upepo, umesimama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni, hivyo usiiweke kwenye chumba cha chini kisicho na tundu la hewa. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, funga na urudie. Usijaribu kwa kiberiti, hata ukiona wengine wanafanya.

Gunia moja la makaa na jiko la udongo lililofungwa bati ni akiba nzuri ya pili. Makaa yasikolezwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikipiga. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala moshi. Mtu huhisi usingizi, na haamki. Jiko liwe uani au chini ya daka (baraza la mlangoni) lililo wazi.

Kuna njia ya kukata matumizi ya gesi na makaa kwa nusu ambayo haitumiwi vya kutosha. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, kipambe ndani kwa blanketi kuukuu unene wa sentimita 8 pande zote, na mto mnene wa juu. Wali uchemke dakika tano sufuria ikiwa imefunikwa, uingie kikapuni kwa saa moja bila kufunguliwa. Maharagwe yalowekwe usiku, maji ya kuloweka yamwagwe, yachemke kwa nguvu dakika 20 kabla ya kuingia, kisha saa nne. Dakika hizo za mchemko zisipunguzwe: maharagwe mekundu yaliyopata joto dogo tu yana sumu inayotapisha. Sufuria iwe imejaa robo tatu au zaidi. Ikiwa nusu, haitunzi joto na utakuta wali vuguvugu wenye kiini.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa nne. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi safarini ukaikuta sarafu chini ya kikombe, umeme ulikatika kwa muda mrefu, hata kama sasa kila kitu kimeganda tena. Samaki wale wasiliwe. Umeme ukikatika na hauna dalili ya kurudi, samaki wapasuliwe na kutiwa chumvi siku ileile, si kesho yake. Na friji ichomolewe, kwa sababu umeme hurudi kwa mshindo.

Pawabanki ya mAh 10,000 haitajaza simu yenye betri ya mAh 5,000 mara mbili. Karibu theluthi hupotea njiani. Hesabu mara moja na kidogo. Weka simu moja ya vitufe yenye laini inayofanya kazi, kwani betri yake hukaa siku kadhaa. Redio ya betri iwepo. Mtandao ukizimika, pesa za simu nazo hazipo, kwa hiyo weka noti ndogondogo za matumizi ya wiki moja. Noti ya elfu haina chenji siku hiyo. Taa za sola zilale uani kila siku hata kama umeme upo, maana betri isiyochajiwa miezi hufa.

Kibatari na mshumaa chini ya makuti tunavikataza kabisa. Vichochoro vya mji mkongwe havipitishi gari la zimamoto, na moto wa makuti hurukia paa la jirani kwa upepo wa kusi kabla watu hawajavaa viatu. Kila nyumba iwe na ndoo mbili za mchanga mkavu, moja jikoni na moja penye swichi kuu ya umeme, na kila mtu mzima ajue kuizima gizani kwa kupapasa. Mafuta ya karai yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko au sinia. Usimwagie maji, hulipuka. Kila mtu ajue kabla ni nani atakayembeba bibi aliyelala chumba cha ndani.

Dawa, na safari ya usiku

Mwenye presha, kisukari, pumu au kifafa awe na dawa za mwezi mmoja mbele, akianza za zamani kwanza. Insulini inayotumiwa hustahimili joto la chini ya nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, ila Lamu ya Machi huvuka hapo mchana. Chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati na kitambaa chenye maji juu, hupunguza nyuzi chache tu hapa kwa sababu hewa yetu tayari ina unyevu. Ni bora kuliko kabati, si badala ya friji. Panga mapema na jirani mwenye sola.

Kuhara huja pamoja na uhaba wa maji. Pakiti kumi za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ni bei ndogo. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa ncha ya kisu, visiwe na kilele. Onja kwanza: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake akiwa chini ya miezi sita. Akilegea, macho yakidumbukia au asipokojoa, asingojewe asubuhi.

Kwa walio Pate, Siyu, Faza, Kizingitini au Ndau, neno "hospitali kubwa" mara nyingi lina maana ya kuvuka. Mtu wa kuvusha akubaliwe kabla, na petroli ya safari moja iwekwe kando, nje ya nyumba, kivulini. Tazama mwezi: mwandamo na usiku wa kumi na tano wa mwezi huleta bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na yakishapwa kuna mahali chombo hukwama mchangani mpaka yajae tena. Mja mzito ambaye siku zake zinaangukia kusi kali ni afadhali ahamie kwa jamaa mjini wiki mbili kabla. Jaketi za kujiokoa ziwe idadi ya abiria, na ya mtoto iwe ya mtoto, kwani ya mtu mzima humtoka kichwani. Nambari 999 na 112 ni za dharura, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Ziandikwe ukutani kwa mkaa au rangi, kwa sababu simu iliyozimika haina orodha ya majina.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati za nyumba vitoeni nakala, vitiwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na nakala za pili zikae kwa ndugu aliye nje ya kisiwa.

Jaribio la siku moja

Baada ya wiki sita hivi, chagua Jumamosi. Funga bomba kuu na uzime swichi kuu kuanzia asubuhi mpaka Isha, isipokuwa friji yenye dawa za mgonjwa. Pikeni, oga, tawadhani, chajini simu kwa akiba tu. Mmoja akae na kalamu. Yatakayojitokeza ni madogo: kifungulia kopo hakipo, kiberiti kimepata unyevu, taa ya sola ilikuwa kabatini bila chaji, kifuniko cha mtungi wa saba kinavuja, na hakuna aliyejua kikapu cha blanketi kimewekwa wapi. Vitengenezwe Jumapili, na vya kununua vinunuliwe Jumatatu asubuhi kabla mizigo ya Mokowe haijagawanywa madukani.